Chai ya Alhamisi

Miguu ya Shosho, nyanya yangu, ilivimba hadi viatu vyote vikamkataa, na mimi nilikuwa na hasira ya mtu aliyeachiwa kazi asiyoijua. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Daktari wa Thika alituambia figo zake zimechoka na umri umeenda, na kwamba mashine ya kusafisha damu iko Nairobi. Shosho alimsikiliza vizuri, kisha akauliza, "Na nikikaa kwa hiyo mashine kila wiki, kuku zangu zitaangaliwa na nani?"

Alikataa katakata. Daktari hakumbishia. Alisema basi tumpunguzie maji na chumvi ili apumue vizuri, akae kwake kwa raha siku zilizobaki.

Neno raha halikuniingia. Nilisikia maji na chumvi tu. Nikahamia kwake Gitothua, nikafungia chumvi ndani ya sanduku langu la nguo, na maji nikawa nampimia kwa kikombe kidogo cha dawa. Alinitazama nikipima, akasema hata ng'ombe wa jirani ananyweshwa kwa heshima kuliko yeye.

Kila Alhamisi saa kumi, wanawake wanne wa kikundi chake cha maombi walimtembelea na thermos ya chai. Kwa watu wa rika lake, mgonjwa asipoonja chai ya mgeni ni kama amemfukuza. Alhamisi ya kwanza nilisimama mlangoni nikawaambia Shosho haruhusiwi kunywa chai. Wakanitazama kana kwamba nimewatusi. Walikunywa kidogo, wakaaga mapema.

"Hakuna mgeni amewahi kunywa peke yake kwa hii nyumba," Shosho aliniambia walipoondoka. "Kama ni kufa nitakufa, lakini si na hiyo aibu."

Nilinuna siku mbili. Na pamoja na ukali wangu wote, uvimbe uliongezeka. Akawa analala ameketi, akihema. Nikamshuku anaiba chumvi mahali. Nilipekua chini ya godoro lake, nikapekua hata mfuko wake wa Biblia, yeye akiwa amekaa hapo hapo ananiangalia. Sikupata kitu.

Nesi wa zahanati alipokuja kumwona alinikuta jikoni nikipika githeri, mahindi na maharagwe. Nilikuwa natia kipande cha magadi kwenye sufuria ili maharagwe yalainike, maana meno ya Shosho yalikuwa yamebaki machache.

"Hiyo unaweka ni nini?"

"Ni magadi tu, sista."

"Magadi tu? Na hiyo si ni chumvi tu, imebadilisha nguo?"

Mwiko uliniponyoka. Mwezi mzima nilikuwa nimemlisha kile nilichokuwa nikikitafuta chini ya godoro lake. Nilienda kumwambia nikilia. Shosho alicheka hadi kikohozi kikamshika.

"Haiya! Lakini githeri ilikuwa laini," alisema, akanipangusa machozi kwa ncha ya leso yake. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote.

Nesi alinikataza kumhesabia funda moja moja. Nimpe maji yake ya siku nzima kwenye jagi, chai ikiwemo humo, agawe mwenyewe. Shosho hakuhitaji kufikiria. Siku nyingine aligawa vizuri, ila Alhamisi hakugusa kitu tangu asubuhi. Alilowesha midomo kwa kitambaa tu, na saa kumi akanywa vikombe viwili vya chai ya maziwa na wageni wake, akiwauliza habari za kila mtu. Tulipoacha magadi uvimbe ulipungua kiasi, akaanza tena kulala chali. Tulipata Alhamisi nyingi, hadi mahindi yakavunwa.

Kisha ikaja Alhamisi ambayo hakuweza kuinuka. Nililowesha kijiko kwa chai nikakiweka mdomoni mwake, chai ikamtoka pembeni. Wageni walikuwa wamemwekea kikombe chake juu ya stuli, na hakuna aliyegusa chake.

Shosho akaninyooshea kidole. "Kunywa hiyo yangu."

"Ni yako, Shosho."

"Si una jina langu?"

Kwetu mjukuu akipewa jina la nyanyake, watu humhesabu kuwa ndiye nyanya mwenyewe. Nilikuwa nimeitikia jina hilo maisha yangu yote bila kuliwaza. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikanywa kikombe chake chote, na wageni nao wakaanza kunywa.