Kigae Kilichogeuka

Mtaa mzima ulimwita Sambamba, maana hata sahani mezani alizipanga zikatazamana kama zimepimwa. Tangu ujanani kazi yake ilikuwa kutandika vigae, na hasa alivipenda vile vya pembe sita, vinavyoshikana kama sega la nyuki bila kuacha mwanya. Kila kigae kimechorwa kipande cha ua. Ukivipanga vizuri, maua yanafunguka sakafu nzima.

Lakini mwaka ule jicho lake la kulia liliingia ukungu, na la kushoto likaanza kulifuata. Hakumwambia mtu. Mkewe angejua, mwiko wake wa saruji ungetundikwa ukutani siku hiyo hiyo, na Sambamba asiye na mwiko ni nani?

Asubuhi moja alikuwa akimalizia ukumbi wa zahanati, na shemeji yake, mdogo wa mkewe, akimkorogea saruji. Aliponyoosha mgongo, roho ikamruka. Kuna kigae alikigeuza vibaya. Alikumbuka mkono ulivyosita. Lakini kipi? Akapapasa viungo kwa vidole. Vyote sawa. Ndiyo balaa ya pembe sita: ukigeuze utakavyo, kitaingia tu. Ni jicho pekee la kukisuta. Na saruji ilikuwa inashika.

"Shem, umedondosha pete?" shemeji akauliza.

"Nakagua."

"Kwa pua?"

Akinyamaza, wagonjwa watakaa hapo miaka na miaka wakilikodolea ua lililopinda. Akiuliza, kaumbuka.

"Shem," Sambamba akasema, "hebu niazime macho. Kuna kimoja kimelala vibaya. Mimi... sikioni."

Mikono ya shemeji ikasimama ndani ya ndoo. Hakucheka. Akazunguka polepole, akagusa karibu na mlango. "Hiki hapa. Jani limeingia katikati ya ua."

Sambamba akakichokonoa kwa ncha ya mwiko mpaka kikabanduka, akakigeuza, akakigonga kwa mpini.

"Tangu lini?" shemeji akauliza.

"Tangu kabla ya mvua. Usimwambie dada yako, nakuomba."

"Simwambii. Utamwambia wewe, leo, nami nimekaa pembeni yako. Mwambie mkono ni wako, macho ni yangu. Akikunyang'anya mwiko, na aninyang'anye na mimi ndoo."

Njia nzima ya kurudi nyumbani Sambamba alitafuta maneno, kila alilolipata likamtoroka. Mlangoni akasimama.

"Mbona mmesimama kama wageni?" mkewe akauliza kutoka ndani.

Shemeji akamsukuma begani. Sambamba akaingia, mwiko kaukamata kwa mikono miwili.