Kiwango cha Mzee Nazaire

Kiharusi kilimkuta Mzee Nazaire kazini, akikunja mashuka katika hoteli moja ya mji wa Irving, ughaibuni, na kilipoondoka kiliondoka na maneno yake yote. Akili kilimwachia. Masikio na macho ya kusomea kilimwachia pia. Ulimi ndio ulibaki umekaa mdomoni kama mgeni asiyejua kaalikwa na nani. Na huyu alikuwa mtu wa maneno, jamani! Katika kambi ya wakimbizi kule Kigoma alifundisha darasa la kwanza miaka nenda miaka rudi, na Warundi wengi waliokulia kule walisikia herufi "a" kwa mara ya kwanza kutoka kwake.

Sasa aliishi na bintiye wa pekee, Mélissa, katika apatimenti yao ya Lewisville. Mtaalamu wa kurudisha usemi alikuja mara chache, kisha bima ikagoma kulipa. Siku ya kuaga alisema wazi kwamba miezi hii ya mwanzo ndiyo ya kufanya mazoezi kila siku. Ikipita bure, ulimi huzoea kunyamaza.

Basi Mélissa akaingia kwenye maktaba moja ya masomo ya mtandaoni, akaandika: "Papa yangu alikuwa mwalimu, amepata stroke, anataka kuongea tena." Maktaba ikamletea kozi ya uhasibu. Alicheka, kisha akalia.

Aliyemfungua macho ni Fortunée, wanayesali naye, ambaye kazi yake ni kupanga masomo ya namna hiyo kwa ajili ya shule.

"Dada, maktaba usiiambie story yako, ile haina moyo," alimwambia baada ya misa. "Kila somo limebandikwa maneno maalumu, yaleyale kila mahali. Lugha, somo, kiwango, umri. Wewe chagua hayo tu."

Mchana ule, wakiwa sofani, Mélissa alichagua. Lugha: Kiswahili. Somo: kuzungumza. Umri: mtu mzima. Zikaja hotuba za viongozi na mbinu za kuuza nyumba. Akamtupia baba yake jicho la pembeni, akabadilisha. Kiwango: awali. Umri: miaka mitatu hadi mitano. Hapo masomo yakamiminika. Mdomo mkubwa ukajaa kwenye simu, ukafumba, ukafumbua polepole: "Ma. Ma-ji."

Nazaire naye akafumba midomo. Kitu kikatetemeka kooni. "Mm... ma." Sauti mbovu, ya kukwaruza, lakini ilikuwa yake. Furaha aliyoipata hakuwa ameipata tangu siku alipoanguka.

Ndipo alipoona kidole gumba cha Mélissa. Kilikuwa kimeziba sehemu ya juu ya kioo cha simu, pale palipoandikwa kiwango na umri. Kumbe anafichwa! Nazaire alitaka kucheka. Yeye ndiye aliyekuwa akiwapanga watoto wageni kambini. Hata kijana aliyeanza kuota ndevu, kama hajui kusoma, Nazaire alimkalisha na watoto wa miaka saba, wazazi wakanuna, naye akawajibu kwamba mficha uchi hazai. Leo angeulizwa mwanafunzi huyu akae wapi, angesema awali, tena mstari wa mbele. Ondoa kidole, mama, alitaka kumwambia. Sioni haya.

Akanyoosha mkono akiondoe. Lakini tangu kiharusi mkono nao haukuwa na adabu, hata kalamu haukuweza kuishika. Ulikurupuka, ukaipiga simu, simu ikaruka hadi chini ya meza.

Mélissa akaiokota. "Papa, I'm sorry. Nime-ku-treat kama mtoto mdogo. Nisamehe."

Nazaire alitikisa kichwa kwa nguvu zake zote: hapana, siyo hivyo, irudishe!

"Nimeelewa, Papa," alisema Mélissa huku akilia. "Hutaki. Sitarudia tena."

Na kweli hakurudia. Miezi ikapita. Nazaire alijaribu peke yake mbele ya kioo cha bafuni, lakini bila mdomo wa kuigiza hakujua pa kuanzia, na ile "ma" ikakataa kurudi. Alipomwonyesha binti yake simu kwa kidole, Mélissa alidhani amewakumbuka ndugu, akampigia ami yake Vital wa Houston. Vital akapiga kelele kana kwamba kiharusi kilikula masikio. Nazaire aliumia kuliko siku ile alipoanguka.

Jumamosi moja Mélissa alirudi kutoka kazini kwake ghalani uso umekunjuka. "Papa, sasa nimepata kitu cha heshima yako." Akaisimamisha simu mezani. Kiwango: chuo kikuu. Umri: mtu mzima. Profesa akaanza kueleza historia ya elimu katika nchi za Maziwa Makuu, mbiombio, na Nazaire alielewa kila neno, ila hakuna hata moja ambalo ulimi wake ungeweza kuliigiza. Machozi yakamtoka.

Mélissa akamfuta kwa kiganja, amefurahi hata sauti inamtetemeka.

"Unaona? Hii ndiyo level yako," alisema, akaongeza sauti ya simu.