Maandazi ya Brane Kwenye Sahani ya Hinde

Brane mshona mito alikuwa na mume, tena mume mzima, Leyzer fundi viatu, lakini aliyelala naye ubavuni kila siku ni kinyongo chake kwa Hinde. Alikifuga miaka na miaka. Alikilisha, akakinenepesha kuliko bata bukini wa sokoni, na ukimwambia akiache anakutazama kama umemwambia amtupe mtoto.

Sababu yenyewe maandazi. Msicheke. Watu wameuana kwa vitu vidogo kuliko andazi.

Purimu, sikukuu yetu Wayahudi, ni siku ya sahani. Asubuhi mnatoka sinagogi, mmeshasikia gombo la Esta likisomwa, manyanga yamewapasua masikio kila lilipotajwa jina la Hamani, yule adui aliyetaka kutuangamiza, halafu kila nyumba inapeleka sahani kwa nyumba nyingine. Vyakula viwili si chini, vimefunikwa kitambaa. Mwenye nacho anapeleka nyumba arobaini, asiye nacho anapeleka moja, na mbele ya Mungu wako sawa. Mbele ya wanawake wa mtaa wetu hawakuwa sawa hata kidogo.

Brane alikuwa mtu wa sahani moja. Kutwa anachambua manyoya ya bata, anajaza mito ya kulalia wenzake, yeye mwenyewe kichwa anakilaza juu ya majani makavu. Lakini Purimu ikikaribia huyo mwanamke hakujui wala humjui. Majira yote ya baridi nyumba yake inakula sima ya mahindi na kitunguu, ili apate unga mweupe, asali, njugu na mbegu za popi. Mbegu anaziloweka kwa maziwa, anazitwanga mpaka zitoe mafuta. Yakitoka jikoni yale maandazi ya pembe tatu, jirani aliyefiwa jana anaomba moja.

Na hiyo sahani yake moja ilikwenda kwa nani? Kwa Hinde.

Mama zao walikuwa majirani, ukuta kwa ukuta, na walipelekeana sahani tangu hawa wawili wananyonya. Kuacha ingekuwa kutangaza ugomvi kwa mji mzima, na mji wetu ulikuwa hauna kazi nyingine. Basi kila Purimu asubuhi Leyzer anavuka tope la mwezi wa tatu na sahani chini ya koti, anagonga kwa Hinde.

Hinde alikuwa mke wa Mordko, mfanyabiashara wa unga. Mshenga alipokuja mwanzo kwa ajili ya Mordko, alibisha mlango wa kina Brane. Alikunywa chai, akatazama kuta, akauliza mahari ya binti ni nini, maana kwetu mahari hutoka kwa bibi harusi. Kusikia ni mito sita, akakumbuka kwamba ana shughuli nyumba ya pili. Nyumba ya pili ndiyo ya kina Hinde. Kwa hiyo Brane alipopita chini ya dirisha la Hinde na kuona pazia la kufuma, aliliona ni pazia lake. Tanuri la Hinde lenye mlango wa chuma lilikuwa tanuri lake. Kule juu sinagogi, kwenye ukumbi wa wanawake, Hinde alikaa benchi la mbele, anasikia kila neno. Brane alikaa nyuma ya nguzo, akisikia kikohozi cha Hinde. Hata kile kikohozi alikionea wivu, maana kilikuwa cha mtu aliyeshiba.

Sasa sikilizeni lile kosa.

Mchana wa Purimu wanawake ambao asubuhi walishikwa na watoto na majiko husomewa gombo tena nyumbani kwa rabi. Wengine huenda vilevile hata kama wameshasikia, kwa sababu baada ya kusoma kuna chai, na sahani zote alizopelekewa rabi ziko mezani. Mwaka mmoja, Brane bado kijana, mke wa rabi akafunua sahani yenye kitambaa cha nakshi za dhahabu, kitambaa cha Hinde kila mtu anakijua. Chini yake Brane akayaona maandazi yake.

Mwanamke anajua maandazi yake kama anavyojua watoto wake hata wakiwa wamempa mgongo. Yalikuwa yale yale aliyotoa asubuhi. Hinde hakuonja hata moja. Aliyahamisha kutoka sahani ya udongo kwenda sahani ya kaure, akayafunika dhahabu, akayapeleka kwa rabi kama ya kwake.

Na Bibi Sosye, mama yake rabi, akala mawili, akalamba vidole, akasema mikono ya Hinde inafaa kupigwa busu. Brane akamgeukia Hinde. Hinde akatazama chini kwa haya, kama bibi harusi.

Siku hiyo Brane alinyamaza. Mwaka wa pili hivyo hivyo, maandazi yakavuka barabara, yakabadilisha nguo, yakaenda kusifiwa. Mwaka wa tatu akamweleza Fruma muuza samaki. Fruma alicheka mpaka akashika kiuno, akamwambia wivu unamkausha, shoga, kunywa supu. Wote walijua habari ya mshenga, wote walijua anavyolitazama lile pazia. Mtu akishajulikana kwa wivu, hata akisema mvua inanyesha watu wanatoa mkono dirishani kwanza kuhakikisha.

Ndipo akatumia subana, kile kikofia cha chuma anachovaa kidoleni akishona. Kila andazi kabla halijaingia motoni alilibonyeza nalo kwenye pembe moja, likabaki na kishimo chenye vidoti. Mwaka ule mezani kwa rabi akasimama, akanyoosha kidole mbele ya wanawake wote.

"Tazameni kishimo hicho. Ni subana yangu. Hayo ni maandazi yangu mimi."

Hinde hakupandisha hata sauti. "Brane, dada yangu, nani hapa hana subana?"

Wakacheka. Wote, hata mke wa rabi alificha mdomo. Bibi Sosye peke yake hakusikia, alikuwa anatafuna. Brane akakaa chini, na tangu siku ile hakusema tena. Lakini kishimo hakukiacha. Kila mwaka alibonyeza, na kila mwaka aliona alama yake chini ya dhahabu ya mwenzake, ikisifiwa kwa jina la mwenzake. Kumbe Hinde hakuwa amewahi kupika chochote cha Purimu. Sahani arobaini alizopokea asubuhi ndizo sahani arobaini alizotoa mchana. Nzuri kuliko zote aliichagulia nyumba ya rabi. Hilo tulilijua baadaye. Wakati huo tulisema tu, jamani Hinde ana mkono.

Miaka ikaenda. Leyzer akapata mvi, Bibi Sosye akapofuka. Akawa anakula kwa kupapasa, na kila Purimu aliuliza tangu mapema kama ya Hinde yameshaletwa.

Halafu baba yake Hinde akafa, katikati ya baridi kali. Mzee mwema, Mungu amrehemu, sina neno naye. Na mnajua sheria. Aliyefiwa na mzazi, mwaka mzima hapelekewi sahani ya Purimu, maana sahani ni furaha na yeye yuko matangani. Ila yeye kupeleka lazima apeleke. Amri ya siku haimsamehi mtu.

Purimu hiyo asubuhi Leyzer alivaa koti, akauliza kama kawaida, "Kwa Hinde?"

"Hinde kafiwa," Brane akasema. "Hapelekewi. Peleka kwa rabi."

Alisema hivyo kwa sababu ndiyo sheria. Sitadanganya kwamba alipanga, hakupanga. Lakini mume wake alipotoka alikwenda dirishani, akafuta ukungu wa kioo, akasimama kutazama mlango wa Hinde. Sahani zilipita huku na huko barabarani, watu wanaruka tope, vitambaa vinapepea, na hakuna aliyegeuka kwa Hinde. Hata mmoja. Hinde naye alikuwa dirishani kwake, amesogeza lile pazia la kufuma. Brane akaona raha ambayo hakuwahi kuionja kwenye asali.

Mchana wakakutana kwa rabi kusikiliza gombo. Aliyefiwa hakatazwi kusikiliza, kwa hiyo Hinde alikuwepo, amevaa nyeusi, kakaa karibu na mlango. Sahani yake imeshaletwa iko mezani, kitambaa cha dhahabu juu. Rabi akasoma mpaka Hamani akanyongwa, wanawake wakagonga miguu, gombo likakunjwa, rabi akatoka. Chai ikamiminwa.

Mke wa rabi akafunua ya Hinde kwanza, kama siku zote. Yalikuwa maandazi makubwa, meupe, yamejaa sukari juu kama theluji juu ya mawe. Akampa mama mkwe moja mkononi. Bibi Sosye alilipapasa huku, akalipapasa kule. Akajaribu kuuma. Tukasikia sauti. Akalitoa mdomoni taratibu, akaliweka kando ya kikombe.

"Nina meno matatu," akasema. "Nataka nizikwe nayo yote."

Hakuna aliyecheka bado. Mkono wake ukatembea juu ya meza, ukapita vikombe, ukafika sahani ya udongo isiyo na kitambaa cha maana. Akashika andazi. Kidole kikaenda pembeni, kikazama kwenye kishimo, na uso wote wa yule kikongwe ukafunguka.

"Haya ndiyo ya Hinde. Mbona mlinificha?"

"Hapana, mama," mke wa rabi akasema. "Hayo kaleta Brane. Ya Hinde ni hayo uliyoweka kando."

"Usinichezee, mwanangu. Macho ndiyo yamekufa, kidole bado kizima. Hiki kishimo nakishika kila mwaka." Akauma, akatafuna, akameza. "Na ladha ni hii hii. Basi miaka yote nimekula ya nani?"

Chai ikapoa. Kila mwanamke mle ndani alikuwa anakumbuka subana, na mimi pia. Hinde akasema kwa sauti ndogo kwamba mwaka huu amefiwa, moyo haukuwa kwenye unga.

"Pole, mwanangu," Bibi Sosye akamjibu, na nadhani alimaanisha kweli. "Kumbe baba yako ndiye aliyekuwa anapika?"

Fruma ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, na baada yake ikawa kama manyanga ya Hamani. Mke wa rabi alisogeza sahani ya udongo katikati ya meza, na ile ya kaure akaiweka juu ya kabati, karibu na mishumaa.

Brane hakucheka. Alichukua andazi lake moja kutoka sahani yake mwenyewe, akaaga, akatoka.

Hinde akamfuata mpaka barabarani, viatu vyake vizuri vikizama topeni. Akamwita jina la utotoni, Branele, jina ambalo tangu mama zao kufa halikuitwa na mtu. Akasema Brane angemwambia tu, mambo yasingefika huku.

"Nilikuambia mbele ya watu. Ukasema nani hana subana."

Hinde akavuta kiatu kutoka topeni. Macho yake yakashuka kwenye lile andazi. "Unajua sijawahi kuyaonja?" akasema. "Hata siku moja. Yalikuwa mazuri sana, niliogopa kuyapunguza. Nipe hilo nionje."

Brane alilitazama andazi, akamtazama Hinde, kola yake ya manyoya, mashavu yake yaliyoshiba.

"Ningekupa, dada," akasema. "Lakini umefiwa. Sheria ndiyo inayokataa, si mimi."

Akalila pale pale mbele yake, taratibu, pembe kwa pembe, ya subana akaiacha mwisho. Halafu akalamba vidole vyote na kwenda nyumbani kumwekea Leyzer chai.