Shukrani Zangu kwa Mama wa Jikoni

Mwenye kucheka acheke. Siku ya Noeli, nyumbani kwetu Bunia, nilimkuta mama nisiyemjua akimenya ndizi jikoni, nikafikiri shangazi amemwajiri. Furaha, mchumba wangu, alikuwa kituoni akimngoja mama yake kutoka Ariwara, ambaye sikuwahi kumwona.

Kabla ya kula nilisimama kama mhubiri. “Watu wa jikoni siye tunawasahau kila mwaka. Leo tumushukuru mufanyakazi wetu.”

Shangazi akanivuta shati, nikadhani ameguswa. Nikamkabidhi yule mama paja la kuku na kipande cha sabuni. Akapokea kwa mikono miwili.

Ndipo Furaha akaingia. “Mama, kumbe ulishafika?”

“Nilikuya asubuhi na pikipiki,” akajibu. “Bwana yako amekwisha kunilipa.”