Msamaha wa Cherehani ya Tatu

Mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, na hata wanawe wakitumwa dukani walisema wametumwa na Mama Pindo. Jina lilitokana na kazi yake. Sare ya shule aliyoipinda yeye haikufumuka. Mtoto ndiye aliyeikimbia kwa kurefuka, ikarudishwa, pindo likashushwa vidole viwili, ikavaliwa mwaka mwingine.

Alishonea kwenye chumba kimoja kinachotazama barabara, na humo mlikuwa na cherehani tatu. Mbili zilishona. Ya tatu ilikuwa mzoga. Vyuma vyake vya ndani alishavitoa kimoja kimoja kuwatibu wenzake wawili, likabaki ganda, naye akalitandikia kitambaa akawa anawekea pasi. Hilo ganda ndilo lililomponza.

Kutulia hakukuwa kwenye damu yake. Hata akialikwa mahali akapewa kiti cha heshima, mguu wake wa kulia ulikanyaga hewa, juu chini, juu chini, mpaka jirani yake aone kizunguzungu.

Mapema mwaka huo alikuja bwana wa makadirio, mtu wa ofisi ya kodi, na daftari lake kwapani. Hakuingia. Alisimama mlangoni akanyoosha kalamu: moja, mbili, tatu. Mama Pindo alikuwa amepiga magoti akimpima mtoto wa shule sketi, pini sita zimebanwa mdomoni. Akatikisa kichwa kukataa ile ya tatu. Bwana wa makadirio akadhani anasalimiwa, naye akatikisa chake, akaandika. Mama Pindo alipomaliza kutema pini, mtu alishafika duka la nne.

Makadirio yakaja ya cherehani tatu. Akalipa ya mbili, kama alivyolipa kila mwaka bila kusukumwa, akajua mambo yamekwisha. Hayakwisha. Alhamisi asubuhi, siku nne kabla ya shule kufunguliwa, alikuta kufuli geni mlangoni na karatasi nyekundu ya ofisi ya kodi imebandikwa juu yake. Ndani zilikuwa sare arobaini na moja. Nyingine zilikuwa bado hazina vifungo, nyingine hazina kola. Wazazi walishalipa nusu, na hiyo nusu ilishageuka vitambaa. Jumatatu watoto arobaini na mmoja wangesimama mstarini na nguo za nyumbani, na mwalimu wa zamu angewarudisha walikotoka. Baada ya hapo nani angemletea tena hata kifungo?

Akafagia mbele ya mlango. Akachungulia dirishani. Akafagia tena pale pale palipokwisha fagiliwa.

Saa sita wifi yake alivuka barabara kutoka kiwanda cha mashati kilichokuwa ng'ambo, alikoshona mikono ya kushoto tu, mwaka wa tano sasa.

"Wifi, mbona umesimama nje kama umekosea nyumba?"

"Nimefungiwa."

"Na nani?"

"Na ile inayokaliwa na pasi."

Wifi akacheka, kisha akaiona karatasi nyekundu, kicheko kikamkauka. "Si uombe msamaha? Sisi tumepata. Jana meneja alipanda juu ya meza ya kukatia akatutangazia, kiwanda kimepewa msamaha wa kodi, miaka kumi. Tukapiga makofi."

"Makofi ya nini?"

"Waliokuwa mbele walianza, na sisi tukafuata."

"Na wewe mshahara wako haukatwi tena kodi?"

"Unakatwa, kwa nini usikatwe? Mimi wangu hunifikia ukiwa umeshanyolewa."

"Kwa hiyo tajiri kasamehewa, wewe bado."

"Ndiyo hivyo."

"Kosa lake lilikuwa nini?"

"Kosa la nani?"

"La tajiri. Mtu husamehewa akikosa. Sijapata kuona aliyesamehewa kwa kuwa hana kosa."

Muda wa chakula wa wifi ulikuwa unakaribia kwisha. "Wifi, na wewe," akasema. "Hayo ni maneno ya karatasini." Akarudi kwenye mikono yake ya kushoto.

Lakini neno lilishaingia, nalo halikutaka kutoka. Jioni mumewe alimwomba aketi. Akaketi, mguu ukaanza, meza ikatetemeka, chai ikamwagika. "Basi simama," mumewe akasema. Akasimama, akachana ukurasa kwenye daftari la binti yake, akaandika. Alisoma shule ya msingi tu, lakini aliisoma yote.

*Mimi ni fundi wa nguo. Naomba msamaha wa kodi kama uliopewa kiwanda cha mashati. Kosa la kiwanda silijui, kwa hiyo naeleza langu. Kosa langu ni kwamba siku ya kuhesabiwa nilikuwa na pini mdomoni. Cherehani ya tatu haishoni, naiwekea pasi. Za kiwanda ni mia mbili na zote zinashona. Naomba nisamehewe hiyo moja isiyoshona. Miaka kumi siihitaji.*

Ijumaa alikuwa wa kwanza kwenye ofisi ya kodi. Kwenye dirisha la tatu alikaa mwanamke mwenye miwani, kifungo cha pili cha blauzi yake kikining'inia kwa uzi mmoja. Mama Pindo alikiona kabla hajauona uso.

"Mama yangu," mwenye miwani alisema baada ya kuangalia kichwa cha barua, "msamaha ni wa wawekezaji."

"Mwekezaji ndiye nani?"

"Mtu aliyeleta mtaji wake, akaajiri watu."

"Mtaji nimeleta. Na nimeajiri mtu mmoja, huyu unayemwona."

Foleni ikacheka. Mwenye miwani hakucheka. "Utaratibu ni kulipa kwanza, halafu ndipo ulalamike."

"Na kiwanda kililipa kwanza?"

"Hayo ni ya wakubwa, mama."

"Basi hii wapelekee hao wakubwa. Mimi nataka muhuri tu, nijue imefika."

Mwenye miwani akashusha pumzi, akaisoma. Alipofika kwenye pini midomo ilimcheza. Kwenye mia mbili ikatulia. Akaisoma tena tangu juu, akavuta kitabu cha kanuni kutoka chini ya kikombe cha chai, akapekua, akaweka kidole.

"Ombi la msamaha likishapokelewa," akasoma taratibu, "mali ya mwombaji haitafungwa mpaka ombi lijibiwe." Akainua macho. "La kiwanda lilikaa humu miaka miwili. Hawakufungiwa hata dirisha."

"Kumbe hiyo imeandikwa kwa ajili ya matajiri."

"Haikuandika matajiri. Imeandika mwombaji." Akagonga muhuri, kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika, akampa nakala. "Ila sikufichi, mama. Wakikataa, utalipa ya tatu na faini juu yake."

"Watajibu lini?"

"Hapo ndipo sijui."

"Njoo nikukazie hicho kifungo," Mama Pindo akasema. "Kesho utakitafuta chini ya meza."

Alasiri alikuja kufungua kufuli yule yule bwana wa makadirio. Mama Pindo hakumwacha aondoke. Alitoa pasi, akafunua kitambaa, akamwambia azungushe gurudumu. Akazungusha. Liliteleza tupu, sindano haikusogea.

"Mimi kazi yangu ni kuhesabu vichwa tu, mama," akasema.

"Ungehesabu na vya ng'ambo ya barabara, mkono ungekufa ganzi."

Yule bwana aligeuka akatazama kiwanda, kama mtu anayekiona leo, kisha akafunga daftari akaenda zake.

Ijumaa hiyo, Jumamosi na Jumapili Mama Pindo alishona mpaka kanyagio likapata moto. Wifi alipotoka zamu alikuja akakaa kwenye cherehani ya pili, akashona mikono ya kulia kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitano, akaharibu mitatu, akatukanwa kindugu. Jumatatu sare arobaini na moja zilipita mbele ya mlango, na Mama Pindo akazitazama chini, kwenye pindo, hakutazama nyuso.

"Sasa utapumzika," wifi akasema.

"Hawajajibu."

Mwezi ukapita, hawakujibu. Nakala yenye muhuri ameibandika ukutani, juu ya ganda la cherehani ya tatu. Anashona na mguu unakwenda, lakini viatu asivyovifahamu vikisimama mlangoni, mguu husita. Siku hizi huwa haanzi kwa kuinua macho. Huanza kwa kutoa pini mdomoni.