Msiguse Magurudumu ya Sista Naome

Muhokya tulisimama bila sababu niliyoiona. Sista Naome Lamwaka, mkunga wa kliniki ya Kasese, alizima Landrova mbele ya maduka, akashuka, akaanza kuyagusa magurudumu kwa mgongo wa kiganja, moja baada ya jingine, kama anayepima homa ya mtoto. Ndiyo kwanza nilikuwa nafika upande huu wa Uganda, na nilidhani tumepata pancha.

"Pancha hakuna," alisema. "Yana joto. Yakichemka namna hii, kipimo kinanidanganya. Kaa kivulini, mzee, yapoe."

Nikakaa. Madereva wote niliopanda nao tangu Mombasa walipima upepo kwa teke moja tu. Huyu alikuwa na kipimo cha chuma mfukoni mwa kanzu yake ya kliniki, pembeni ya mkasi wa ukunga, na alikitumia mara nyingi kuliko mkasi.

Kwao ni Kitgum. Alifika Kasese kwa kumfuata mumewe, Okot, anayechoronga miamba kwenye mgodi wa shaba. Kliniki ilikuwa na gari na dereva, lakini mvua zikianza dereva alitangaza kwamba mlima umefungwa, na wanawake wa vijiji vya mlimani, juu ya mji wa Bwera, walizaa bila mkunga mpaka kiangazi. Naome akaomba funguo. Okot alimfundisha kuendesha kwenye uwanja wa mpira, wakagombana wiki nzima, akafaulu.

Machi alipanda mlima na magurudumu magumu yaleyale ya barabara ya changarawe. Kwenye udongo mwekundu gari lilirudi kinyumenyume hadi mtaroni. Kosa lake mwenyewe, na hakulificha. Mei alikwama tena palepale. Sasa ilikuwa Oktoba 1968, mvua ilinyesha kila alasiri, na daktari wa kliniki alikwisha kumwambia: ukikwama mara ya tatu, funguo zinarudi kwa dereva.

"Hiyo ya Mei haikuwa yangu," aliniambia tulipoondoka Muhokya, na kwa mara ya kwanza akakanyaga mafuta kwa hasira. "Hiyo ilikuwa ya watu wema."

Watu wema nilikutana nao Bwera. Naome hulala kambi ya polisi, kwa mke wa askari mmoja wa kwao, na kambi ile ina watu kutoka kila pembe ya nchi. Kila mmoja amekuja na upepo wa kwao. Wa mchangani anaapa kwa gurudumu laini, wa mawe anaapa kwa gurudumu gumu, na wote wanampenda Sista kiasi cha kutoweza kuliacha gari lake. Mei ile, Koplo Tibenderana aliamka mapema akamjazia magurudumu yote manne, kama zawadi, bila kumwambia.

"Leo, afande, usinisaidie," Naome alimwambia tulipoingia.

"Sista, mimi nitafanya nini? Mimi naangalia tu."

Asubuhi alitoka na kipimo chake. Magurudumu ya nyuma yalikuwa magumu kama jiwe. Mbele, konstebo mrefu aitwaye Lokwang alikuwa amechuchumaa, amebana njiti ya kiberiti kwenye vali, na upepo ulikuwa ukitoka polepole.

"Lokwang. Unafanya nini?"

"Napunguza, Sista. Kwetu Karamoja mchanga ya mto inameza gari. Ukitoa upepo, gari inakimbia juu yake kama mbuni."

"Mlimani kuna mchanga?"

"Sijafika."

"Kuna udongo. Mwekundu, wa kunata."

"Basi ni mchanga yenye imelowa."

Naome alifumba macho kidogo. Tibenderana alisogea, mikono nyuma. "Ndiyo sababu mimi nimejaza za nyuma. Mpira laini, jiwe inaikata ubavu. Mimi ni mtu wa Kigezi, milima najua."

"Mei ulinijazia, afande. Nililala wapi?"

"Kwa mtaro. Lakini hiyo ilikuwa usukani, si upepo."

Askari waliokuwa wakipiga mswaki wakacheka. Mmoja akasema, "Angalia vile anapima. Sista anafikiri gari iko na mimba."

"Ingekuwa na mimba ningejua miezi yake," Naome alijibu. "Nyinyi ndio hamjulikani mtazaa nini."

Akaanza upya. Alimwita Kosmasi, fundi wa baisikeli aliye karibu na lango, mtu wa mpakani mwenye pampu ya mguu, ya pekee Bwera yenye nguvu ya kujaza gari. Kosmasi akasukuma mbele, Naome akapunguza nyuma.

"Madamu, nyuma unatoa upepo mingi sana, na mbele miye naweka ingine," Kosmasi alilalamika. "Hii kazi iko ya wazimu. Miye nitakufa na huu muguu."

"Sukuma."

Nilitarajia atatafuta namba fulani. Namba moja ya kudumu hana. Alipakia kwanza dawa, mizani ya watoto na mablanketi, kwa sababu gari tupu na gari lenye mzigo hayataki upepo mmoja. Kisha akalisogeza gari kwenye tope la uwanjani, akashuka, akapima kwa shubiri alama ya kila gurudumu. Barabarani anataka alama fupi. Mlimani anataka ndefu zaidi, ili mpira ulale na kushika. Akirudi chini lazima ajaze tena kabla ya changarawe. Julai alisahau, gurudumu likapasuka karibu na Muhokya.

Saa nzima ikapita. Mawingu yalikuwa yakikusanyika mlimani.

"Nitakupa askari watatu wa kusukuma," Tibenderana alisema.

"Wakikaa nyuma, magurudumu yatabonyea na nitaanza tena. Hapana, afande." Kisha akanigeukia. "Na wewe pia, mzee, samahani. Wewe na sanduku lako ni watu wawili."

Nilimkumbusha kwamba tulikubaliana Kasese.

"Kasese nilijaza kwa ajili yako. Leo sikukuhesabu."

Sanduku langu likateremshwa kwenye tope. Akaichukua pampu mikononi mwa Kosmasi, akaiweka chini ya kiti.

"Iyo iko ya kazi yangu, madamu."

"Utaipata jioni. Ikibaki hapa, wataomba wanijazie hata bila gari."

Akaondoka.

Kona yenyewe, mbaya kuliko zote za njia ile, inaonekana kutoka uwanjani: mkato mwekundu wa udongo juu ya migomba, mtaro upande wa kushoto. Askari waliacha miswaki mdomoni. Landrova ilifika, ikapanda, kisha nyuma ikaanza kuteleza kuelekea mtaroni, taratibu. Lokwang alishika kichwa. Mlio wa injini haukupanda, Naome hakukanyaga mafuta. Gari likakaa hivyo kwa upande, tope likiruka, halafu magurudumu yakashika, pua ikageuka, likapita kona na kupotea nyuma ya migomba. Tuliendelea kulisikia likipanda.

"Angeongeza moto kidogo," alisema Tibenderana.

Kosmasi alikuja akakaa juu ya sanduku langu, akanyoosha mguu wake, akaniuliza kama mimi niko na pampu.