Bi Tanuri na Vitundu vya Chumvi

Walimwita Bi Tanuri, na si kwa sababu ya hasira, ingawa hasira nazo alikuwa nazo za akiba. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akifanya kazi katika maabara ya kaboni, ghorofa ya chini ya jengo la sayansi, chumba chenye dirisha moja na tanuri la umeme lenye bomba refu la kioo. Aliajiriwa kuosha vyombo. Mwendesha tanuri alipostaafu, ikaonekana ni yeye tu aliyejua tabia za lile tanuri: likiwashwa kwa pupa linazima, likibembelezwa linapanda hadi digrii mia saba na hamsini kimya kimya. Wakamkabidhi. Shule aliiachia darasa la saba, lakini daftari lake lilikuwa moto wa kuotea mbali. Kila kilichoingia tanurini alikipima kabla na baada, akaandika.

Profesa wa maabara, bwana mpole ambaye kwa umri angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho, alikuwa na jambo moja kichwani: superkapasita, kifaa cha kuhifadhi umeme. Alimweleza wakiwa wamesimama kando ya sinki.

"Mama, betri ni kama ghala. Mzigo unaingia polepole, unatoka polepole. Hii ninayoitaka mimi haina ghala. Umeme unakaa juu ya uso wa kitu, kama watu kwenye viti. Unajaa kwa sekunde, unatoka kwa sekunde."

"Basi unahitaji viti vingi."

"Vingi mno. Ndiyo maana nataka grafini."

Grafini ni kaboni iliyochambuliwa ikawa karatasi nyembamba, unene wa chembe moja tu. Gramu moja ikitandazwa yote hufunika viwanja sita vya mpira wa kikapu. Taabu yake ni kwamba karatasi hizo zinapendana kupita kiasi. Zikikauka hugandamana kama kurasa za kitabu kilicholowa, na viti vyote vikabaki ndani, havina njia ya kufikika. Kwa miaka miwili walitengeneza elektrodi, vile vibapa vyeusi ambavyo umeme hukaa juu yake, na kwa miaka miwili vibapa vikawaangusha. Mradi ulikuwa umebakiza miezi mitatu.

Bi Tanuri alikuwa na sababu yake ya kutaka kazi hiyo ifaulu. Mdogo wake alikuwa muuguzi katika wodi ya watoto wachanga. Umeme ulipokatika, jenereta ilichukua karibu dakika nzima kuamka, na dakika hiyo wauguzi waliwapa watoto hewa kwa mikono huku wakihesabu kwa sauti. "Dada," mdogo mtu aliwahi kumwambia, "dakika ile ina urefu wa mwaka."

Asubuhi moja, akipima mzigo uliotoka tanurini, Bi Tanuri alisita. Unga mweusi uliokuwa umejaa robo ya chombo sasa ulikuwa umefika ukingoni, mwepesi kama manyoya. Alimwita msaidizi wa Profesa, mtafiti mwenye miwani ambaye hakuwa na subira na mtu.

"Huo haukuoshwa vizuri kabla ya kuchomwa," msaidizi alisema. "Una chumvi iliyobaki kwenye dawa za maabara. Ni uchafu, mama, mwaga."

"Nimekusikia."

Alisikia, lakini hakumwaga. Aliuosha kwa maji ya moto mara tano, akaukausha, akaupima. Chumvi ilikuwa imetoka yote, na unga haukunywea. Ndipo akaelewa. Punje za chumvi zilikuwa zimejipenyeza kati ya karatasi zikazizuia zisishikane, na zilipoyeyuka zikaacha vitundu mahali zilipokuwa. Alibeba chombo na daftari mpaka kwa Profesa.

Profesa alisoma hesabu zake, akavua miwani, akaivaa tena.

"Wengine wamewahi kujaribu chumvi," alisema. "Sisi hatukuwahi. Mama, unaweza kulirudia hili kwa makusudi?"

"Nipe wiki mbili."

Jaribio la kwanza alitia chumvi ya kawaida. Vitundu vikawa mapango, na kibapa kikapasuka kama tope la kiangazi. La pili aliitwanga ikawa laini, akaichanganya na tope la grafini, lakini tope lile lilikuwa la maji. Chumvi ikayeyuka, na ilipokauka ikaganda upya kwa mabonge. Msaidizi alipita, akatazama, akaguna. Mguno ule ulimchoma Bi Tanuri kuliko maneno.

Nyumbani alikaa mezani bila kula. Mumewe, fundi cherehani, alikuwa akipiga pindo la suruali.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," alisema bila kuinua macho.

"Koleo halijavunjika. Maji ndiyo yananiharibia."

"Basi usitumie maji. Mimi doa ambalo maji yanalitawanya nalitoa kwa spiriti."

Bi Tanuri aliinua kichwa. Chumvi haiyeyuki kwenye spiriti. Hilo alilijua tangu enzi za kuosha chupa. Hakuwa amewahi kulihusisha na grafini. Alivuta sahani akala, kisha akamwomba kipande cha hariri iliyofumwa kwa karibu kuliko zote.

Kesho yake alitwanga chumvi kwa kinu cha maabara mpaka mkono ukafa ganzi, akaichekecha kwa hariri, akaikoroga na grafini ndani ya spiriti. Aliacha spiriti ikauke kabisa, ndipo akaingiza mzigo tanurini chini ya gesi ya agoni, isiyoacha kaboni iungue. Hakuruhusu moto ukaribie digrii mia nane, maana hapo chumvi huwa uji. Akaosha. Akashindilia. Kibapa kilichotoka kilikuwa cheusi tii, na hakikuwa na ufa hata mmoja.

Mashine ilikijaza umeme na kuutoa mara elfu kumi, kwa siku tisa. Siku ya kumi, saa nne asubuhi, msaidizi alisoma namba kwenye kioo cha kompyuta. Kibapa kilibeba mara nne na nusu ya vile vya zamani, na baada ya safari zote hizo kilikuwa kimepoteza sehemu nne tu katika mia.

"Bi Tanuri," msaidizi alisema, "mimi nilikwambia umwage."

"Uliniambia."

"Nisamehe, mama."

"Nimeshasamehe. Shika hapa, tunatengeneza mia mbili."

Mia mbili vikaingia kwenye sanduku la ukubwa wa kasha la viatu. Walilijaribu kwa wiki kadhaa kwenye vitanda vitupu hospitalini kwa mdogo wake, mafundi umeme wa hospitali wakakagua kila waya, kisha likaruhusiwa wodini. Mchana mmoja simu ya Bi Tanuri ililia. Alikuwa mdogo wake.

"Dada, umeme ulikatika sasa hivi."

"Watoto?"

"Taa za ukumbini zilizimika. Mashine za watoto hazikujua. Jenereta ilipowaka nilikuwa bado nabadilisha nepi." Dada mtu akamsikia anavuta pumzi. "Hakuna aliyehesabu."

Bi Tanuri aliketi kwenye stuli kando ya tanuri, akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wenye masizi.

Makala ya kisayansi kuhusu kibapa hicho ilipochapishwa, jina lake lilikuwa la kwanza. Profesa ndiye aliyelipanga hivyo, na msaidizi hakubisha. Wakamwalika azungumze kwenye ukumbi uliojaa wataalamu. Mumewe alikaa safu ya mbele ndani ya suti aliyojishonea. Mzee mmoja aliinuka akauliza amesomea chuo kipi.

"Hiki hiki," alijibu Bi Tanuri. "Niliingilia mlango wa vyombo."

Ukumbi ukacheka, kisha ukasimama na kupiga makofi. Alingoja watulie, akafungua daftari, akaanza kuwaeleza jinsi ya kuchekecha chumvi.